Jumba la Picha la Taifa, London: Sanaa Chini ya Ulinzi wa Sayansi

Mwaka 1850 Michael Faraday, ambaye kila mwanafunzi wa fizikia humfahamu kwa kanuni zake za umeme na sumaku, aliombwa kuchunguza jambo lisilohusu umeme wala sumaku. Picha za taifa la Uingereza, zilizotundikwa katikati ya jiji la London, zilikuwa zikichafuka mwaka hata mwaka, na wale waliokabidhiwa dhamana ya kuzitunza walitaka kujua sababu. Faraday na wenzake wawili, mmoja wao akiwa mchoraji Charles Eastlake, waliona maadui wa namna mbili. Wa kwanza ni moshi wa makaa ya mawe uliotoka katika mabomba ya jiji zima. Wa pili ni watu wenyewe: pumzi zao, jasho lao na vumbi la nguo zao, kwani maelfu waliingia kila wiki kutazama picha hizo bila malipo.

Maelezo hayo yalizaa swali zito ambalo halijaisha hata leo. Ikiwa pumzi za wananchi zinaharibu mali ya wananchi, je, wananchi wafungiwe mlango ili mali idumu? Au mlango uachwe wazi, na mali iharibike kidogo kidogo mpaka wajukuu wasikute kitu? Makala haya yanaeleza jinsi jumba moja mashuhuri lilivyokabiliana na swali hilo kwa muda wa miaka mia mbili, na jinsi fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari zilivyosaidia kulijibu.

Chanzo cha Jumba

Majumba mengi makuu ya sanaa ya Ulaya yalianza kama hazina za wafalme. Louvre ya Paris, kwa mfano, ilikuwa jumba la kifalme kabla ya kufunguliwa kwa umma mwaka 1793 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Jumba la Picha la Taifa la London, ambalo Waingereza huliita National Gallery, halikuanza hivyo. Mwezi Aprili 1824 Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni 57,000 kwa ajili ya kununua picha 38 zilizoachwa na tajiri John Julius Angerstein, aliyefariki mwaka uliotangulia. Tarehe 10 Mei mwaka huohuo picha hizo zilianza kuonyeshwa katika nyumba yake mwenyewe, iliyokuwa namba 100 mtaa wa Pall Mall. Nyumba ilikuwa ndogo, yenye joto na msongamano, na watu waliilinganisha na Louvre kwa aibu.

Msomaji wa Afrika hana budi kuuliza utajiri wa Angerstein ulitoka wapi. Alikuwa mfanyabiashara wa bima za meli katika soko la Lloyd's. Uchunguzi uliofanywa na Jumba lenyewe katika miaka ya karibuni unakiri kwamba sehemu ya mali hiyo, ambayo kiasi chake hakijulikani, ilitokana na kuzikatia bima meli za biashara ya watumwa na meli zilizobeba mazao yaliyolimwa na watumwa. Ni vema mwanafunzi akalijua jambo hilo mapema, kwa sababu historia ya vitu vizuri haiwi lazima historia nzuri.

Mwaka 1838 Jumba lilihamia katika jengo jipya lililobuniwa na msanifu William Wilkins kando ya uwanja wa Trafalgar. Mahali hapo palichaguliwa kwa makusudi. Upande wa magharibi wa London waliishi matajiri, upande wa mashariki maskini, na uwanja huo ulikuwa katikati, hivyo tajiri angeweza kufika kwa gari lake na maskini kwa miguu yake. Kiingilio hakikutozwa, na mpaka leo mkusanyo wa kudumu wa Jumba hutazamwa bure.

Charles Eastlake, yule mwenzake Faraday, ndiye aliyekuwa Mkurugenzi wa kwanza kuanzia mwaka 1855. Alisafiri Italia mara kwa mara akitafuta picha za kununua, na alifia katika safari za namna hiyo, mjini Pisa, mwezi Desemba 1865. Kutokana na juhudi zake na za waliomfuata, Jumba sasa lina picha zaidi ya 2,300. Idadi hiyo si kubwa ikilinganishwa na ya Louvre au ya Hermitage ya St Petersburg. Hata hivyo picha hizo zimechaguliwa kwa utaratibu, hata mtu anaweza kufuata maendeleo ya uchoraji wa Ulaya Magharibi tangu karne ya 13 hadi mwanzo wa karne ya 20 kwa kupita tu chumba hadi chumba.

Baadhi ya Yaliyomo

Haiwezekani kuzieleza picha zote, lakini chache zafaa kutajwa kwa kuwa zina mafunzo kwa mwanafunzi wa sayansi.

Picha ya Arnolfini, iliyochorwa na Jan van Eyck mwaka 1434, inaonyesha mwanamume na mwanamke wameshikana mikono chumbani. Nyuma yao ukutani kimetundikwa kioo kilichobinuka, nacho kinaakisi chumba kizima kwa kinyume, pamoja na watu wawili wanaoingia mlangoni. Mwalimu wa fizikia anayefundisha vioo mbinuko angeweza kuitumia picha hiyo darasani, kwa maana taswira ndogo iliyosimama wima, yenye pembe zilizopindika, imechorwa kwa uangalifu mkubwa.

Hans Holbein alichora Mabalozi mwaka 1533. Wanaume wawili wa ukubwa wa kweli wamesimama pande mbili za kabati lililojaa vifaa: tufe la dunia, tufe la nyota, vipimo vya jua, kitabu cha hesabu, na kinanda cha nyuzi ambacho uzi wake mmoja umekatika. Chini ya miguu yao pana umbo refu lisilofahamika. Mtazamaji akisimama upande wa kulia wa picha na kuitazama kwa mshazari, umbo lile hujikusanya likawa fuvu la kichwa cha mtu. Hiyo ni jiometria tupu. Holbein alilinyosha fuvu kwa kadiri maalumu ili jicho likiwa mahali pamoja tu lilione sawasawa.

Zipo pia Bacchus na Ariadne ya Titian, Ubatizo wa Kristo ya Piero della Francesca, Bikira wa Miamba ya Leonardo da Vinci, na Temeraire ya Turner, ambamo merikebu kuukuu ya vita inavutwa na mashua ya mvuke kwenda kuvunjwa. Kadhalika zipo Alizeti za Vincent van Gogh za mwaka 1888, ambazo pengine ndizo zinazojulikana kuliko zote.

Moshi, Pumzi na Kioo

Ili tuelewe hatari aliyoiona Faraday, yatupasa kwanza kujua picha ya mafuta imejengwaje. Picha ya kale si kitu kimoja, bali ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa upo ubao au kitambaa cha kitani. Juu yake hupakwa chokaa laini ya jasi au chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi za wanyama. Juu ya chokaa hiyo huja rangi, yaani unga wa madini au wa mimea uliosagwa ndani ya mafuta ya kitani. Mwisho hupakwa vanishi ya utomvu wa miti, ili rangi zing'ae na zikingwe.

Kila tabaka lina udhaifu wake. Chukua rangi nyeupe. Kwa karne nyingi weupe wa wachoraji ulitokana na kaboneti ya risasi. Gesi yenye harufu ya mayai viza, yaani salfidi ya haidrojeni, ambayo katika siku za Faraday ilijaa katika hewa ya jiji lenye mifereji michafu, ikikutana na risasi hiyo huweza kufanya salfidi ya risasi, ambayo ni nyeusi. Makaa ya mawe nayo yana salfa ndani yake. Yakichomwa hutoa dioksidi ya salfa, nayo ikiingia katika unyevu wa hewa hufanya asidi. Ongeza masizi yanayoganda juu ya vanishi, na mvuke wa pumzi za watu unaotulia juu ya uso wa picha ulio baridi. Vanishi yenyewe hugeuka rangi kwa kuungana na oksijeni na kwa kupigwa na mwanga, ikawa ya manjano na mwishowe ya kahawia. Anga la buluu huonekana kama maji ya matope.

Ushauri wa Faraday na wenzake haukuwa wa gharama kubwa. Walipendekeza uso wa picha ufunikwe kwa kioo na mgongo wake uzibwe, ili moshi na vumbi visipate njia. Wapo waliolalamika kwamba kioo humrudishia mtazamaji sura yake mwenyewe badala ya kumwonyesha picha, na malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Walakini kioo kilitumika.

Mwaka 1857 tume iliundwa ili kuamua kama picha zote zihamishwe kutoka Trafalgar na kupelekwa Kensington, mbali kidogo na moshi. Faraday alikuwa miongoni mwa wajumbe. Jambo lililokuwa mizani ni lile lile: uhai wa picha upande mmoja, haki ya watu upande wa pili. Jaji mmoja aliyeulizwa maoni yake, jina lake Coleridge, alijibu kwamba kuwako kwa picha siyo shabaha ya mkusanyo, bali ni njia tu ya kuwapa watu furaha inayoinua utu wao. Tume iliamua picha zibaki katikati ya jiji. Uamuzi huo ulikuwa deni. Kwa kuwa wananchi hawakufukuzwa, ilibidi sayansi itafute namna ya kuwawezesha wananchi na picha kukaa chumba kimoja.

Pango la Manod

Jibu kubwa lilipatikana mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Mwaka 1939, Ulaya ilipokuwa ikielekea vitani, picha za Jumba zilifungashwa na kupelekwa Wales katika siku chache tu kabla Uingereza haijatangaza vita tarehe 3 Septemba. Zilihifadhiwa katika majumba na vyuo mbalimbali. Mwaka uliofuata ndege za Ujerumani zilianza kufika hata huko, na wazo likatolewa kwamba picha zipelekwe Kanada kwa meli. Waziri Mkuu Winston Churchill alikataa. Aliagiza zifichwe mapangoni na katika vyumba vya chini ya ardhi, lakini isitoke hata moja katika visiwa vile. Katazo hilo lilikuwa na busara, maana nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli nyingi katika Bahari ya Atlantiki.

Mahali palipopatikana ni machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba katika mlima wa Manod, kaskazini ya Wales. Mwamba ulipasuliwa kwa baruti ili mlango upanuliwe na magari yaweze kuingia. Ndani ya pango vilijengwa vyumba vya matofali, na njia ndogo ya reli ikatandikwa kwa ajili ya kusafirisha picha. Picha ya Mfalme Charles I juu ya farasi, iliyochorwa na Van Dyck, ina urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu. Ili ipite chini ya daraja moja la reli njiani, ilibidi barabara ichimbwe iteremke. Katika mwaka 1941 picha zote zilikuwa zimekusanywa humo.

Hapa ndipo inapoingia elimu ya unyevu wa hewa. Hewa yoyote hubeba mvuke wa maji, lakini kiasi inachoweza kubeba hutegemea joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 10 za Sentigredi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu za mvuke. Ikiwa na nyuzi 20 yaweza kubeba gramu 17, na ikiwa na nyuzi 30 yaweza kubeba gramu 30. Tunapotaja unyevu wa asilimia 50 tuna maana kwamba hewa imebeba nusu ya mvuke inaoweza kuubeba katika joto lile. Kwa hiyo hewa ya pangoni, ambayo ni baridi na imeshiba maji, ikipashwa moto bila kuongezewa maji hugeuka kuwa hewa kavu zaidi. Kwa njia hiyo, na kwa kuizungusha hewa daima, wataalamu wa Manod waliweza kudumisha joto la nyuzi 17 hivi na unyevu wa asilimia 42 hivi, mchana na usiku, masika na kiangazi. Unene wa mlima ulizuia mabadiliko ya nje yasipenye.

Matokeo yake yaliwashangaza hata wenyewe. Huko London mafundi walikuwa wakishughulika kila mara na picha zilizochorwa juu ya mbao, ambazo rangi yake ilivimba na kubanduka. Ndani ya pango maradhi hayo yalikoma karibu kabisa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, picha zikarudishwa Trafalgar, na rangi zikaanza kubanduka tena.

Kila mtu aliyekaa Pwani yetu anaweza kueleza sababu, hata kama hakusoma fizikia. Wakati wa masika mlango wa mbao hujaa ukakataa kufunga, na kiangazi hulegea ukaacha mwanya. Mbao hunyonya mvuke na kutanuka, hasa kwa upana, yaani kukingama na nyuzi zake, kisha hukauka na kusinyaa. Ubao wa picha wenye upana wa mita moja waweza kutanuka na kusinyaa milimita kadhaa. Chokaa na rangi kuukuu zilizo juu yake zimekwisha kuwa ngumu kama ganda la yai, haziwezi kuufuata. Ubao ukisinyaa, rangi haina pa kwenda isipokuwa kuinuka. Ubao ukitanuka, rangi hupasuka. Kinachoiua picha, kwa hiyo, si unyevu peke yake wala ukavu peke yake, bali ni kubadilika-badilika kwa hali ya hewa.

Pango lilikuwa maabara ambayo hakuna bajeti ya amani ingeligharimia. Mwaka 1949 Jumba lilifungua chumba chake cha kwanza chenye mitambo ya kurekebisha joto na unyevu wa hewa, na kidogo kidogo mitambo hiyo ikaenezwa. Kwa hiyo hewa ile iliyozifaa picha mafichoni ililetwa pale watu walipo. Mwaka 1978 Garry Thomson, aliyekuwa mshauri wa sayansi wa Jumba, alitoa kitabu juu ya mazingira ya majumba ya makumbusho, kikawa mwongozo kwa wahifadhi wa nchi nyingi.

Tusisahau upande wa watu. Jengo la Trafalgar lililobaki tupu lilipigwa mabomu mara kadhaa, lakini watu hawakulisahau. Tangu Oktoba 1939 mpiga piano Myra Hess alitayarisha humo muziki wa saa za chakula cha mchana, na mpaka mwisho maonyesho hayo yalikaribia 1,700. Mwaka 1942, kufuatia barua iliyochapishwa gazetini, uongozi ulikubali kuleta picha moja kila mwezi kutoka Manod ili wakazi wa London waitazame, na kuirudisha chini king'ora kilipolia. Wangeweza kusema kwamba hatari ni kubwa mno. Walikumbuka kwamba picha isiyotazamwa na mtu haitofautiani sana na picha iliyopotea.

Kuona Chini ya Rangi

Utunzaji ni nusu ya kazi ya sayansi katika Jumba hili. Nusu ya pili ni ushahidi. Vyombo vinavyotumika si vigeni kwa mwanafunzi.

Eksirei hupenya vitu vyepesi na kuzuiwa na vizito. Risasi ni nzito, kwa hiyo sehemu zote zilizopakwa weupe wa risasi hujitokeza wazi katika filamu, hata zikiwa zimefunikwa na rangi nyingine. Mionzi ya infraredi, ambayo jicho halioni kwa sababu urefu wa wimbi lake unazidi ule wa wekundu, hupita katika rangi nyingi lakini humezwa na kaboni. Wachoraji wengi walianza kwa kuchora mistari ya mkaa au wino mweusi juu ya chokaa nyeupe. Kwa mionzi hiyo mistari ile huonekana tena baada ya miaka 500. Katika Picha ya Arnolfini mtu huona jinsi van Eyck alivyouhamisha mkono na miguu ya mwanamume, na kwamba mbwa aliye mbele hakuwamo katika mchoro wa mwanzo.

Mfano mzuri zaidi ni picha ya Papa Julius II, iliyochorwa na Raphael mwaka 1511 au baada yake kidogo. Jumba lilikuwa nayo tangu 1824, lakini kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa nakala tu, na ile ya Florence ikahesabiwa kuwa ndiyo ya asili. Mwaka 1970 uchunguzi wa eksirei ulionyesha mambo mawili. Kwanza, chini ya pazia la kijani lililo nyuma ya Papa palikuwa na pazia jingine lenye nakshi za funguo, ambazo ni alama ya upapa. Mchoraji alibadili nia akalifunika. Mtu anayenakili hana sababu ya kubadili nia, kwa kuwa anachokinakili kiko mbele ya macho yake. Pili, pembeni chini ilionekana namba 118, iliyopakwa juu baadaye. Namba hiyo ililingana na ya orodha ya zamani ya mali ya ukoo wa Borghese mjini Roma, ambao ulikuwa na picha ya Raphael ya Papa Julius. Picha iliyodharauliwa kumbe ndiyo yenyewe.

Mwalimu atatambua katika kisa hicho mwendo mzima wa utafiti. Palikuwa na dhana iliyopokewa bila kupimwa, kikaja chombo kipya, ukapatikana ushahidi wa aina mbili usiotegemeana, ndipo dhana ikabadilishwa. Kazi hiyo inaendelea. Mwaka 2005 infraredi ilifunua chini ya Bikira wa Miamba mpango tofauti ambao Leonardo aliuacha. Mwaka 2019 uchunguzi wa mng'ao wa eksirei, unaotambua kila elementi kwa nishati inayoitoa, ulionyesha mistari zaidi kwa sababu kiambata chake kilikuwa na zinki.

Sayansi haikuondoa mabishano yote. Baada ya vita Jumba lilisafisha vanishi kuukuu katika picha nyingi, na mwaka 1947 likaonyesha picha zilizosafishwa. Baadhi ya watu walifurahi kuona rangi zilizokuwa zimesahauliwa. Wengine walishtuka na kudai kwamba pamoja na vanishi zimeondolewa tabaka nyembamba za rangi ya mchoraji mwenyewe. Kamati maalumu ilichunguza, ikakuta kwamba hakuna picha iliyodhurika. Ubishi kama huo ulizuka tena Bacchus na Ariadne iliposafishwa kati ya 1967 na 1969, na anga lake likatokea kwa buluu kali ya jiwe la lazuli lililochimbwa Badakhshan, nchini Afghanistan. Kemia yaweza kueleza ni kitu gani kilichopo juu ya ubao. Jinsi picha inavyopaswa kuonekana baada ya miaka 400, hilo watu wataendelea kulijadili.

Mlango Ungali Wazi

Hatari nyingine haitokani na hewa. Tarehe 10 Machi 1914 mwanamke mmoja aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura alivunja kioo na kuikata kwa shoka dogo la nyama picha ya Velázquez ya Venus na Kioo. Mafundi waliishona na kuiziba. Tarehe 14 Oktoba 2022 vijana wawili waliopinga uchimbaji wa mafuta walizimwagia supu ya nyanya zile Alizeti za Van Gogh. Fremu ilipata madhara kidogo, lakini picha yenyewe haikuguswa, na alasiri ileile ilirudishwa mahali pake. Iliokolewa na kioo. Kinga ambayo Faraday na wenzake waliipendekeza dhidi ya masizi ilizuia supu miaka 172 baadaye, na wananchi bado wanaingia bila kulipa.

Yapo mambo ya kutufaa hapa kwetu. Nyaraka, picha na vitabu vya taifa changa haviharibiki kwa sheria tofauti na zile zilizoharibu picha za Titian. Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Nyaraka za Taifa huko Zanzibar, ni karatasi, na karatasi hunyonya mvuke kama ubao. Unyevu ukizidi asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu, kuvu huota. Kuzitunza kunahitaji watu wanaosoma kipimo kila siku na kukiandika daftarini kwa miaka mingi, wala kazi hiyo haisubiri mitambo ya gharama.

Shule yoyote yaweza kuanza. Chukua vipimajoto viwili vinavyofanana. Funga kitambaa cha pamba juu ya tezi ya kimoja, na ncha ya kitambaa uitumbukize katika kikombe cha maji. Vitundike pamoja kivulini mahali penye upepo, kisha baada ya dakika kumi visome vyote viwili. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, kwa hiyo kipimajoto chenye kitambaa kitasoma chini ya mwenzake, na tofauti hupungua kadiri hewa inavyokaribia kushiba. Kikavu kikisoma nyuzi 30 na chenye maji 25, unyevu ni karibu asilimia 67. Kikavu kikisoma 30 na chenye maji 28, unyevu ni karibu asilimia 86. Wanafunzi wapime asubuhi, mchana na jioni katika maktaba ya shule kwa muhula mzima, wachore grafu, halafu waulize ni kabati gani, ukuta gani na dirisha gani linalofanya mabadiliko kuwa makubwa. Mara nyingi itatosha kulisogeza kabati la vitabu mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Wahifadhi wa London nao walianza kwa kupima.